Old Trafford au lile hema la Foster: mnaonaje, tuhame?

Kiti_cha_Akiba aliandika:

Wakuu, salaam. Nina mpango mmoja tu maishani ambao hauhusu ada ya mtoto wala kodi ya nyumba: kuingia Old Trafford, uwanja wa Manchester United yetu, nikae Stretford End, lile jukwaa la nyuma ya goli, hata kama mechi yenyewe ni ya Kombe la Ligi dhidi ya timu ya daraja la chini. Nina daftari la akiba kwa ajili hiyo tangu 2013, mwaka aliostaafu kocha wetu Fergie (Alex Ferguson). Limepanda, limeshuka, mara mbili nimelikomba lote kwa sababu ya ugonjwa, lakini sijawahi kulifunga.

Halafu Machi 2025 klabu ikatangaza kwamba inakusudia kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 pembeni ya huu wa sasa. Gharama kama pauni bilioni 2, mchoro wa Foster + Partners, na lile paa la mwamvuli lenye nguzo tatu ambalo watu wameshaliita hema la sarakasi. Wakaongeza kwamba ujenzi unaweza kuchukua miaka mitano tu, kwa kuwa vipande vitatengenezwa kwingine na kuletwa kwa mfereji wa meli. Nikachukua daftari langu nikapiga hesabu. Mimi na Old Trafford tuko kwenye mbio, na sijui nani atamaliza kwanza.

Najua mtaniambia nina ubinafsi. Ninao. Lakini si kwamba sioni. Ile mechi ya Arsenal ya Mei 2024 niliitazama mpaka mwisho, mvua ikashuka, maji yakamwagika kutoka kwenye kona ya paa kama maporomoko, watu wanapiga picha na kucheka. Nilisikia aibu ya mtu aliyetembelewa na mgeni ghafla, mgeni akakuta ndoo sebuleni chini ya bati linalovuja. Ila nikifikiria ile saa ya Munich, ya kuwakumbuka wenzetu waliokufa kwenye ajali ya ndege ya 1958, na sanamu ya nyota wetu wa zamani Best, Law na Charlton walivyoshikana mabega, ulimi unagoma kusema "bomoeni".

Swali: tuhame, au tukarabati palepale? Na msinijibu kwa picha za kompyuta. Huko hata mvua hainyeshi.

Naomba kuwasilisha.

---

Fundi_Paa alijibu:

Mkuu, mimi nakula kwa ujenzi, acha niongee kifundi. Ugonjwa wa Old Trafford si bati, bati linabadilishwa. Ugonjwa ni reli. Imepita nyuma kabisa ya Jukwaa la Sir Bobby Charlton, ndiyo maana pande tatu zimepanda juu na ule mmoja umebaki mfupi miaka yote. Leo uwanja unaingiza kama 74,000. Mpango wa ukarabati uliozungumzwa ungeufikisha 87,000 hivi.

Sasa jiulize: wakati unavunja na kujenga, unachezea wapi? Tottenham walipoivunja White Hart Lane walihamia Wembley karibu misimu miwili. Barcelona walianza kuivunja Camp Nou 2023, wakapanda uwanja wa kilimani Montjuïc, na tarehe ya kurudi ikawa inasogezwa kila ikikaribia. Viti vinapungua, mapato yanapungua, na mkandarasi anadai vilevile. Ukijenga pembeni unaendelea kucheza kwako mpaka siku ya kuhamisha mabegi.

Athletic Bilbao ndio walioniridhisha. San Mamés mpya waliujenga ubavuni mwa ule wa zamani, wakaingia 2013 ukiwa bado haujafungwa upande mmoja, kisha wakabomoa wa zamani na kumalizia palepale. Hawakuhama mtaa. Kwangu huko si kuhama, ni kusogea.

---

Kiti_cha_Akiba alijibu:

San Mamés tena, mkuu? Si ndiko Spurs, haohao Tottenham, walikotufunga 1-0 fainali ya Europa League, Mei 2025? Tafuta mfano mwingine, huo bado una msumari ndani.

---

Mpita_Njia alijibu:

Hema la sarakasi linawafaa. Wachekeshaji mnao tayari. Nimepita tu.

---

Nyundo_ya_Boleyn alijibu:

Naomba nafasi japo mimi si wenu. Ni Mgonga Nyundo, wa West Ham, na nyinyi mlikuwa wageni wetu usiku wa mwisho kabisa wa Upton Park, uwanja wetu wa zamani, Mei 10, 2016. Mechi ilichelewa dakika 45 kwa sababu basi lenu lilizingirwa na kurushiwa chupa, jambo ambalo silisifu. Tukawapiga 3-2, Winston Reid na kichwa chake dakika ya 80. Ulikuwa usiku wa kulia na kucheka kwa pamoja.

Baada ya hapo tukahamia uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri kuliko kwetu kwa kila kitu: mkubwa, mpya, usafiri wa kumwaga. Lakini uwanja wa riadha ni uwanja wa riadha. Kati ya shabiki na mstari wa pembeni kuna eneo la wakimbiaji, na hata wakisogeza viti, macho yanajua. Upton Park winga akienda kurusha mpira alikuwa anasikia tusi la mzee wa safu ya kwanza neno kwa neno, na mengine yalimwingia, unaona kabisa mguu umekuwa mzito. Kule kwingine anasikia mvumo tu. Na isitoshe sisi ni wapangaji. Nyumba ya kupanga hata msumari wa picha unaomba ruhusa.

Nisiwe mnafiki: 2023 tulibeba kombe la Ulaya la Conference League, kombe letu kubwa la kwanza tangu 1980. Kwa hiyo siwezi kusema uwanja ule una mkosi. Ila ukiniuliza mechi gani nataka kurudia kuiona, nitakwambia ya Upton Park, tena siyo ile ya mwisho, yoyote tu ya Jumamosi ya kawaida.

Acheni kubishana kuhusu elfu mia. Ulizeni safu ya kwanza iko umbali gani na mstari, majukwaa yamesimama kwa mwinuko gani, na hati ya nyumba ina jina la nani. Tottenham kwenye uwanja wao mpya waliweka jukwaa moja lisilokatwa la watu 17,500 nyuma ya goli. Hicho ndicho kitu cha kuwaomba wachoraji wenu, siyo mwamvuli.

---

Mhasibu_Mwekundu alijibu:

Mgeni ameongea vizuri kuliko wenyeji. Mimi nataka kuongeza kitu kimoja ambacho Fundi amekiruka kama maji ya mtaro: bilioni 2 zinatoka mfukoni mwa nani?

Chama letu halikuwa na deni mpaka 2005. Familia ya Glazer ikalinunua kwa mikopo, mikopo ikabebeshwa klabu yenyewe, na tangu hapo tunalipa riba kwa kosa la kununuliwa. Miaka yote hiyo paa linazeeka. Kwa hiyo mtu akiniambia "uwanja umechakaa, lazima tuhame", namuuliza umechakaaje wakati sisi tulikuwa tunajaza kila wiki? Fedha za rangi zilikwenda wapi?

Mnaowasifia Arsenal kwa kuhama, rudini nyuma kidogo. Walitoka Highbury ya watu elfu 38 wakaingia Emirates ya elfu 60 mwaka 2006. Kombe la FA la 2005 ndilo lililokuwa la mwisho kwao mpaka 2014. Miaka tisa kabati linapigwa vumbi, kocha wao Wenger anahesabu senti, wachezaji bora wanauzwa mmoja baada ya mwingine. Na mmoja wao alikuja kwetu! Robin van Persie, 2012. Mabao 26 ya ligi, ubingwa wa 20. Tulicheka sana mwaka ule. Basi mjue kwamba sehemu ya ubingwa wetu wa mwisho ililipiwa na uwanja mpya wa mtu mwingine. Safari hii tukijenga sisi, van Persie wetu atakwenda kwa nani?

Juventus wao walikwenda kinyume. Delle Alpi ulikuwa uwanja wa watu zaidi ya 60,000, nao ulikuwa na njia ya riadha, watu hawajai, sauti inapotea. Wakauvunja, wakajenga palepale wa elfu 41 hivi, wakaingia 2011. Walipunguza viti! Kisha wakabeba ubingwa mara tisa mfululizo. Sisemi ni uwanja uliofunga mabao, Pirlo na Buffon walikuwepo. Nasema ukubwa haukuwa dawa.

Na wewe Kiti_cha_Akiba, usidhani viti elfu 26 vya ziada vimewekwa kwa ajili ya daftari lako. Mwishoni mwa 2024 klabu hiihii iliweka tiketi zilizobaki za mechi za ligi kwa pauni 66, mtoto na mzee bei moja, bila punguzo. Mtu anayefanya hivyo akiwa na viti 74,000 atakuwa mpole akiwa na 100,000? Kwangu jibu ni hili: tuhame siku tutakapoandikiwa kwenye karatasi ni viti vingapi vya bei ya mtu wa kawaida na viko nyuma ya goli lipi. Kabla ya hapo, ndoo chini ya bati.

---

Fundi_Paa alijibu:

Mhasibu, ndoo chini ya bati nayo ina gharama yake. Jengo lisilotengenezwa halikungoji ulipe deni kwanza. Lakini la tiketi 66 sina jibu.

---

Binti_Busby alijibu:

Kaka Kiti, nimesoma uzi wako mara mbili na nina habari mbaya. Ile Stretford End unayoiwekea akiba, ile ya watu kusimama wamebanana wanaimba, ilivunjwa 1992. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, mashabiki walipobanwa hadi kufa, na ripoti ya Jaji Taylor, majukwaa ya kusimama yakaondolewa kwenye viwanja vikubwa vya Uingereza, na yetu ikaenda. Unayoiona kwenye skrini ni jukwaa jipya lenye jina la zamani. Watu walilia pia wakati ule, kisha mshambuliaji Cantona akaja na hakuna aliyekumbuka kulia.

Tena si mara ya kwanza. Kabla ya 1902 hatukuitwa hata Manchester United, tulikuwa Newton Heath, na tulishatumia viwanja viwili kabla ya huu. Bank Street tuliuacha Januari 1910, na siku chache baadaye dhoruba ikaangusha jukwaa lake. Mechi ya kwanza ya Old Trafford, Februari 1910, tulifungwa na Liverpool 4-3, kwa hiyo hata "nyumbani" pa mtu panaanza na matusi.

Kisha Machi 11, 1941 ndege za Ujerumani zikalipua uwanja. Mpaka 1949 tulikuwa tunachezea Maine Road, kwa mahasimu wetu Manchester City. Kwa City, wanangu! Kocha wetu Matt Busby aliijenga timu yake ya kwanza bila kuwa na uwanja. Katika ule uwanja wa 1910 kilichonusurika ni handaki la zamani la wachezaji, lipo hadi leo katikati ya jukwaa la kusini. Mengine yote ni viraka juu ya viraka. Na hao waliotangaza hema lao, sijui kama waliangalia kalenda: walitangaza Machi 11. Tarehe ileile.

Mimi nasema tuhame, ila saa ya Munich ihamishwe siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kufungua duka la jezi. Na handaki lile lisiguswe na nyundo.

---

Kiti_cha_Akiba alijibu:

Dada, umenivunja na kunijenga kwa wakati mmoja. Miaka yote nimeweka akiba kwa ajili ya jukwaa lililokufa kabla sijajua kuandika jina langu.

Basi naegemea kwako na kwa Mhasibu kwa pamoja, sijui kama inaruhusiwa: tuhame, lakini karatasi ya bei kwanza. Mgonga Nyundo, la safu ya kwanza nimelichukua, na pole kwa Upton Park. Fundi, mifano yako ya Hispania baki nayo.

Kwa upande wangu nimeamua kutosubiri mechi. Nitakwenda hata kwa ile ziara ya kutembezwa uwanjani, siku isiyo na mchezo, nikaliangalie hilo handaki. Kuna aliyewahi kwenda? Msimu gani unafaa?

---

Fundi_Paa alijibu:

Msimu wowote. Beba koti la mvua, na usisimame kwenye ile kona.