Safari ya anga ya kuigiza: wanafunzi wamerudi wakisimulia taa na ving'ora tu. Kasoro iko wapi?

MwalimuWaZamu aliandika:

Salaam wanajukwaa. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupeleka wanafunzi kwenye ziara ya safari ya anga ya kuigiza, na zaidi kwa yule aliyewahi kufanya kazi ndani ya vituo vinavyoendesha safari hizo.

Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi 28 wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Kituo kilikuwa na vyumba viwili visivyoonana, kimoja kimepangwa kama chombo cha angani na kingine kama chumba cha kuongozea safari kutoka duniani, na mawasiliano yote yalipita kwenye vipaza sauti, kamera na ujumbe wa kompyuta. Walitakiwa kukifikisha chombo karibu na nyotamkia na kurusha kifaa cha uchunguzi. Katikati ya safari makundi yalibadilishana vyumba, kila mtu akakalia kiti cha mwenzake.

Tatizo langu lilianza tuliporudi darasani. Niliwataka waandike ukurasa mmoja kuhusu walichojifunza, na karibu wote waliandika kuhusu taa nyekundu, ving'ora na makoti ya buluu waliyovalishwa. Mmoja aliyekuwa dawati la mfumo wa hewa aliandika, kwa ukweli ambao sikuweza kuukasirikia, kwamba alibonyeza kila alichoambiwa abonyeze na chombo kikapona. Kilikuwa kinaumwa nini, hakujua. Wengine wanne walimaliza kazi zao ndani ya dakika 20 wakabaki kuwatazama wenzao, na msichana aliyepewa dawati la mawasiliano, ambaye ni hodari wa hesabu lakini mpole, alinyang'anywa kipaza sauti na jirani yake kabla robo saa haijapita.

Mkuu wa shule anataka kujua kama kuna sababu ya kurudia, nami sitaki kumjibu kwa ushabiki. Je, kasoro ni ya ziara hizi zenyewe, au ni mimi niliyewapeleka watoto bila kuwaandaa? Na madawati hugawanywa kwa kigezo gani?

MsimamiziMstaafu alijibu:

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuwaandikisha, maana ziara nyingi huishia kwenye picha ya pamoja. Niliendesha safari hizi kwa miaka kadhaa nikiwa msimamizi wa chumba cha kuongozea, na uliyoyaeleza niliyaona karibu kila wiki. Sehemu kubwa huamuliwa kabla basi halijaondoka shuleni.

Tukumbuke kwanza vituo hivi vilizaliwa na nini. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani kilichoitwa Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na wote 7 waliokuwamo wakafariki, akiwamo Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amejiandaa kufundisha masomo akiwa angani. Familia za marehemu zilianzisha mwaka huohuo taasisi ya Challenger Center, na kituo chake cha kwanza cha mafunzo kilifunguliwa Houston, Marekani, mwaka 1988. Mpango wa vyumba viwili na kubadilishana katikati ndio unaotumika humo, na nakuomba uuangalie vizuri mpango huo, kwa sababu somo limo ndani yake kuliko ndani ya taa na makoti. Walio chomboni wana vipimo lakini hawana majedwali ya kuvifasiri. Walio duniani wana majedwali lakini hawaoni vipimo. Hakuna chumba kinachoweza kumaliza kazi peke yake. Kwa hiyo mtoto anafundishwa, atake asitake, kumweleza jambo mtu asiyeona kile anachokiona yeye.

Asiyefundishwa hilo mapema huishia kwenye mazungumzo niliyoyasikia mara nyingi mno. Chomboni: "Hewa inaharibika!" Duniani: "Inaharibika kiasi gani?" Chomboni: "Sana!" Duniani: "Sana ni ngapi?" Kisha kimya, kwa sababu aliyekuwa akisoma kipimo amegeuka kumtazama mwenzake anayecheza na mkono wa roboti. Sasa linganisha na mvulana mmoja ambaye sauti yake bado naikumbuka: "Mfumo wa hewa kwa Dunia. Kaboni dioksidi asilimia 1.2. Dakika tano zilizopita ilikuwa 0.8. Chujio linalofanya kazi ni namba 2. Naomba maelekezo." Huyo alikuwa ameambiwa na mwalimu wake kwamba kila ujumbe uwe na jina la dawati, kipimo, kipimo cha awali na ombi. Basi, hakuwa na siri nyingine.

Maandalizi yake ni vipindi viwili tu. Cha kwanza, waketishe wawiliwawili wakipeana migongo, mmoja aeleze umbo lililo mbele yake na mwingine alichore bila kuliona, na mchoraji arudie kila agizo kwa maneno yake kabla ya kugusa penseli. Watacheka sana mara ya kwanza. Mara ya tatu hawatacheka, watahesabu sentimita. Cha pili, wafundishe dawati zao zinatunza nini. Yule wa mfumo wa hewa aelewe kwamba ndani ya chombo kilichofungwa mtu anaweza kuzidiwa na hewa anayoitoa mwenyewe hata kama oksijeni ingalipo. Msimulie Apollo 13, safari ya Mwezini ya Aprili 1970 iliyoharibika njiani: wanaanga watatu walihamia katika chombo cha kutulia Mwezini kilichokuwa na machujio ya mviringo, ilhali ya akiba yaliyokuwa katika chombo kikuu yalikuwa ya mraba. Wahandisi duniani walibuni kiunganishi kwa vitu vilivyokuwamo chomboni, mifuko ya plastiki, majalada, mipira ya kupitishia hewa na utepe wa gundi, kisha maelekezo yakasomwa kwa sauti tu mpaka wanaanga wakakiunda. Wale hawakuwa na picha ya kutumiana. Ni zoezi lako la migongo, ila uhai wa watu ulikuwa umeliegemea.

Kuhusu madawati, usigawe kwa alama za mtihani wala kwa ukubwa wa sauti. Mawasiliano mpe msikilizaji, kwa hiyo chaguo lako la yule msichana lilikuwa sahihi na kosa lilikuwa letu sisi watu wazima tuliokuwa zamu, kwani hata katika safari za kweli anayezungumza na wanaanga kwa kawaida ni mtu mmoja, na wengine wote chumbani hupitishia maneno yao kwake. Wanaomaliza mapema wakabidhiwe daftari la safari waandike saa, kipimo na uamuzi. Litawafaa pia wakati wa kubadilishana vyumba, maana anayekalia kiti kipya bila maandishi ya aliyetoka huanza upya, na hapo ndipo safari nyingi zilipokuwa zikinipotea.

TurubaiNaUtepe alijibu:

Kwa heshima zote kwa Msimamizi, mimi siamini kwamba jengo lile linahitajika. Yote mazuri aliyoyataja yanahitaji pazia tu. Darasani kwangu tulitundika turubai katikati, tukatumia simu mbili za upepo za kuchezea, na vipimo tuliviandika kwenye kadi ambazo mwanafunzi mmoja alizigeuza kila baada ya dakika mbili.

Tena kuna jambo ambalo sisi tulilifanya na kituo nilichokitembelea hakikulifanya kabisa. Safari yao ilikuwa ya kwenda Mirihi, na wanafunzi wakazungumza na "Dunia" papo kwa papo kama watu wa vyumba jirani, jambo ambalo ni uongo wa kisayansi. Redio husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Mwezini ujumbe hufika kwa sekunde 1.3 hivi, lakini kutoka Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22 kwa upande mmoja, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi katika mizunguko yake. Swali na jibu lake vinaweza kula zaidi ya dakika 40.

Tuliziweka simu kando tukaandika ujumbe kwenye vipande vya karatasi, na tarishi akawa anavishikilia kwa dakika 3 za saa kabla ya kuvivusha upande wa pili. Ujumbe wa kwanza kutoka chomboni ulikuwa neno moja: "Tumefika?" Wakangoja dakika 6 kupata jibu lililosema, "Sisi tutajuaje?" Darasa zima liliangua kicheko, na nahodha akakunja uso. Ila ujumbe wa nne ulikuwa na mistari saba: joto la tangi la kwanza ni kiasi hiki, tukiona limepanda tena tutafunga vali bila kuwangoja, lisipopanda tutaendelea, na ninyi tafadhali anzeni kupiga hesabu ya mafuta kwa hali zote mbili. Sikuwafundisha kuandika hivyo. Kungoja ndiko kulikowafundisha.

MsimamiziMstaafu alijibu:

Hoja ya ucheleweshaji naipokea bila ubishi, na ningefurahi kama vituo vingi zaidi vingeuiga, ingawa naelewa kwa nini huuepuka: kundi lina saa mbili, na kimya cha dakika 6 kwa mtoto aliyesafirishwa kwa basi ni kirefu. Ninachokukatalia ni kwamba jengo halifai kitu. Darasani kwako mtoto anajua kwamba nyuma ya turubai kuna rafiki yake na kwamba mwanafunzi mwenzake ndiye anayezigeuza kadi. Akiingia mahali ambapo hamjui mtu anayetoa amri, hubadilika. Nimewaona watoto waliosifika kwa utukutu wakinyooka mgongo.

KadiYaManjano alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo hamjaligusa: nini kifanyike safari ikiharibika. Mwalimu ameandika kwamba chombo "kikapona", na mimi hapo ndipo ninapoona kasoro, kwa kuwa vituo vingi hupanga mambo ili mwisho uwe wa makofi hata kundi likikosea kila kitu.

Waliozianzisha safari hizi kwa kazi ya kweli hawakuwaonea huruma wanafunzi wao. Kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu Mwezini, wataalamu wa mazoezi huko Houston waliwapa waongozaji hitilafu za makusudi siku baada ya siku. Katika zoezi mojawapo la mwisho mwisho kompyuta ya chombo ilitoa namba ya tahadhari ambayo Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyesimamia dawati la uelekezaji, hakuitambua vya kutosha, akaamuru kutua kusitishwe. Baadaye aliambiwa alikosea, kwamba chombo kingeweza kuendelea. Mkurugenzi wa zamu, Gene Kranz, akaagiza namba zote za aina hiyo zichambuliwe, na Jack Garman, mwenye miaka 24, akaziandika kwa mkono kwenye karatasi aliyoiweka mezani pake. Tarehe 20 Julai 1969, dakika chache kabla ya kugusa Mwezi, tahadhari namba 1202 ikajitokeza kweli. Garman alitazama karatasi, akamwambia Bales, Bales akasema waendelee, wakatua.

Kwa hiyo, Mwalimu, kiombe kituo kisiwafichie wanafunzi wako makosa yao, na uwatengee nusu saa ya kikao siku hiyohiyo, kabla hawajalala wakasahau. Usiulize "mmejifunza nini?", swali ambalo hata mtu mzima hulijibu kwa maneno matupu. Chukua madaftari ya safari ya vyumba vyote viwili, uyaweke sambamba, uulize: saa tano na dakika kumi chomboni waliandika hivi, duniani waliandika vile, ujumbe ulipotea wapi?

MwalimuWaZamu aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wanafunzi wangu ujumbe wa "Tumefika?" na mara moja wakaanza kubishana wao wangeandika nini. Nimeamua kufanya safari ya turubai kwanza, pamoja na tarishi na dakika zake 3, na ziara ya kituoni ifuate mwezi mmoja baadaye, ili mkuu wa shule naye apate kulinganisha kurasa za kabla na za baada.

Jana tulifanya zoezi la migongo. Yule msichana mpole alikuwa anaeleza na yule aliyemnyang'anya kipaza sauti alikuwa anachora. Mara mbili kijana aligeuka kuchungulia, na mara zote mbili binti aliifunika karatasi kwa kiganja, akamwambia taratibu, "Rudia kwanza nilichosema." Umbo lao lilikosewa kona moja tu.

Swali la mwisho kwa Msimamizi: wakati wa kubadilishana vyumba, ni bora yule anayetoka amkabidhi mwenzake kwa mdomo au kwa daftari peke yake?

MsimamiziMstaafu alijibu:

Kwa daftari, kisha anayeingia alisome kwa sauti na anayetoka asikilize bila kumkatiza. Palipokosewa arekebishe, asaini, aondoke. Dakika 2 zinatosha.