Kompyuta 16 za Windows 10, programu ya ada ya FoxPro na printa ya sindano: tuhamie wapi?

Mwalimu_Maabara (Iringa) aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Iringa, na ndiye ninayesimamia maabara yenye kompyuta mpakato 16 pamoja na kompyuta moja ya mezani iliyo katika ofisi ya mhasibu. Zile 16 tulizinunua Kariakoo zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya. 12 ni HP EliteBook 840 G3 na nne ni ThinkPad T460, zote zina vichakataji vya Core i5 vya kizazi cha 6, RAM ya GB 8 na diski za SSD. Kwa kazi zetu hazijawahi kutuangusha. Tatizo ni kwamba huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na nikizipima kwa programu ya ukaguzi ya Microsoft zote zinajibiwa kwamba hazikidhi masharti ya Windows 11. Bodi ya shule inaniuliza kama fedha za wazazi zimepotea, nami sijapata jibu la kuwapa.

Ofisi ya mhasibu ina shida yake. Kompyuta yake inatumia Windows 10 ya biti 32 (biti ni kipimo cha data ambayo kichakataji hushughulikia kwa mara moja), na ndani yake mna programu ya kupokea ada iliyoandikwa miaka mingi iliyopita kwa FoxPro (lugha ya kuandikia programu za kutunza data) ya DOS (mfumo endeshi wa zamani uliotangulia Windows) na mtaalamu ambaye hapatikani tena. Stakabadhi zinatoka kwenye Epson LX-300+, ile printa ya utepe inayogonga karatasi kwa sindano, kwa sababu kila stakabadhi lazima iwe na nakala tatu za kaboni. Mwezi uliopita fundi alituletea kompyuta mpya yenye Windows 11, akanakili programu, nayo ikagoma kufunguka kabisa kwa ujumbe kwamba haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hiyo. Tukarudi kwenye ya zamani.

Je, tununue kompyuta nyingine, tuzilazimishe hizi kupokea Windows 11, au tuhamie Linux, mfumo endeshi wa bure? Tena kuna mfadhili ambaye ameahidi kutupatia MacBook Air sita za mwaka 2019. Nizipokee?

Fundi_Mvita (Mombasa) alijibu:

Asalaam aleikum, Mwalimu. Umeleta mambo mawili katika kapu moja, nami naomba niyatenganishe, kwa kuwa la mhasibu ndilo zito, na la maabara ni jepesi kuliko bodi yako inavyodhani. Nitajibu la mhasibu. La maabara nawaachia wanaoendesha maabara kila siku.

Ujumbe ulioupata haukutokana na udhaifu wa kompyuta mpya. Programu za FoxPro ya DOS ni za biti 16. Windows ya biti 32 inabeba ndani yake sehemu iitwayo NTVDM, ambayo kazi yake ni kuziendesha programu za namna hiyo, lakini Windows ya biti 64 haina sehemu hiyo, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32 hata siku moja. Kwa hiyo hata mngenunua kompyuta ya bei kubwa kuliko zote sokoni, jibu lingekuwa lilelile. Programu za biti 32, ambazo ndizo nyingi tulizozizoea tangu enzi za Windows XP, hazina shida hii. Kwa kawaida zinafunguka vizuri kwenye Windows 11. Tofauti hii mafundi wengi hawaielezi, na mteja hubaki akidhani kwamba kila kitu cha zamani kimekufa.

Njia ya kwanza ni kutumia DOSBox-X, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows au Linux na yenye uwezo wa kupeleka uchapaji nje. Njia ya pili ni kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, kwa programu ya VirtualBox, ukaweka humo Windows ya biti 32 na programu yenu, kisha ukaifungia isiguse intaneti kabisa. Mimi ningeanza na DOSBox-X kwa sababu ni nyepesi, na ningeijaribu kwa nakala ya data, kamwe si kwa data yenyewe.

Sasa printa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kwa uzoefu wangu uhamaji hukwama kwenye vifaa mara nyingi kuliko kwenye programu. Programu ya zamani unaweza kuizungushia kiigizi ikadhani bado iko nyumbani kwake. Draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, inakaa ndani kabisa ya mfumo endeshi, na Windows ya biti 64 haikubali draiva ya biti 32. Miaka michache iliyopita nilihamisha duka moja la dawa hapa mjini kwa siku mbili za mwisho wa juma. Nilijaribu programu ya mauzo nikaridhika, nikafunga mizigo yangu. Jumatatu asubuhi printa ya lebo ilikataa kuamka, kwa maana aliyeitengeneza hakuwahi kutoa draiva ya biti 64, na kwa siku mbili wafamasia waliandika maelekezo ya dawa kwa mkono huku wagonjwa wakisubiri. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sihamishi ofisi kabla kila kifaa hakijachapa, hakijasoma au hakijapiga picha mbele ya macho yangu kwenye mfumo mpya.

LX-300+ yenu ina nafuu, kwa sababu inafuata lugha ya Epson inayoeleweka na mifumo mingi. Ugumu wake ni tundu la kuchomekea waya. Programu ya DOS huandika moja kwa moja kwenye LPT1, yaani tundu la zamani la printa, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo. Waya wa kubadilisha USB kuwa tundu la zamani hautengenezi LPT1, bali huifanya printa ionekane kama printa ya USB, na programu haitaiona. Kama mnatumia kompyuta ya mezani, tafuteni kadi ya tundu la LPT inayochomekwa kwenye nafasi ya PCI Express. Mkiikosa, ishirikishe printa kwenye Windows kama printa ya mtandao kisha uielekeze LPT1 kwake kwa amri ya net use. Nimeifanya mara kadhaa na inadumu.

Jambo la mwisho, na labda ndilo lenye faida kubwa: data za FoxPro zimo kwenye mafaili yanayoishia na DBF, na LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, huyafungua moja kwa moja. Fungua faili la malipo leo uone kama majina na kiasi vinasomeka. Vikisomeka, kumbukumbu za ada hazimo tena mikononi mwa mtu asiyepatikana.

Kilimanjaro_Lab alijibu:

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa kulinda fedha za wazazi. Nami naendesha maabara ya shule, Moshi, yenye kompyuta za umri uleule.

Kwanza iambieni bodi ukweli huu: kompyuta zenu haziharibiki kwa sababu ya tarehe. Kilichokoma ni masasisho ya bure, hasa ya usalama. Microsoft inauza nyongeza ya masasisho hayo, na kwa shule zenye mkataba wa leseni za elimu bei yake imepangwa kuwa dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu. Kwa mtu wa nyumbani kuna mpango mwingine wa hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao unaweza kupatikana hata bila malipo kwa kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao, lakini mpango huo haukukusudiwa taasisi. Basi ulizeni kwanza leseni zenu zilinunuliwa kwa njia gani. Kompyuta za mitumba mara nyingi huja na leseni iliyomo ndani ya mashine tu, bila mkataba wowote.

Kuhusu kulazimisha Windows 11: inawezekana, na vichakataji vya kizazi cha 6 vina amri za ndani ambazo toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 linazidai. Masharti yanayowazuia ni orodha rasmi ya vichakataji, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa vichache mno, na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Hata hivyo siwashauri. Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine zisizokidhi masharti, na toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Utalazimika kurudia kazi ile ya mkono kwenye kompyuta 16 kila mwaka, na siku utakapohamishwa kituo atakayekurithi hataelewa kilichofanyika.

Sisi tulihamia Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Toleo la 22 linapata masasisho hadi mwaka 2029, na kwenye EliteBook 840 G3 zetu kila kitu kilitambulika bila kutafuta draiva: Wi-Fi, sauti, kamera na hata kusinzia unapofunga kifuniko. Wanafunzi waliizoea kwa wiki moja. Walimu ndio waliolalamika, tena kwa haki, kwa sababu mitihani waliyoiandika kwa Word ilipofunguliwa kwenye LibreOffice mistari ilisogea na swali likaangukia ukurasa mwingine. Chanzo kikubwa kilikuwa fonti, yaani muundo wa herufi. Kompyuta isiyo na Calibri huazima fonti nyingine, na upana wa herufi ukibadilika kila kitu kinahama. Tuliweka fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na Calibri na Cambria, na malalamiko yakapungua sana. Majedwali yenye makro za Excel (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali) hayakukubali, nasi tuliacha kompyuta mbili zenye Windows kwa ajili ya matokeo ya mitihani. Sioni aibu kusema hivyo. Maabara inaweza kuishi na mifumo miwili.

Jaribu bila kufuta chochote: weka Mint kwenye flashi, washa kompyuta moja kutoka humo, chapisha ukurasa, unganisha projekta, ucheze na video. Fanya hivyo pia kwa T460 moja, usidhani kwamba zinafanana na HP.

Msomaji_wa_Tufaha (Nairobi) alijibu:

Naomba nizungumzie zile MacBook, kwa kuwa nimetumia Mac tangu zilipokuwa na chipu za PowerPC na nimehamishwa mara mbili.

Apple imebadilisha aina ya chipu za Mac mara tatu: mwaka 1994 kwenda PowerPC, mwaka 2006 kwenda Intel, na Novemba 2020 kwenda chipu zake yenyewe kwa kuanzia na M1. Kila mara walitoa daraja la kutafsiri programu za zamani, na kila mara watu wakalizoea wakasahau kwamba ni la muda. Daraja la Rosetta la mwaka 2006 liliondolewa katika Mac OS X Lion mwaka 2011, na mimi nilipoteza njia ya kufungua programu ya kupanga magazeti ambayo niliitegemea, kwa sababu nilisasisha mfumo kabla ya kuuliza. Mwaka 2019 toleo la Catalina likafunga mlango kwa programu zote za biti 32. Rosetta 2 ya sasa nayo imekwisha kutangaziwa mwisho: Apple imesema itaendelea hadi toleo la 27 la macOS, mfumo endeshi wa Mac, na baada ya hapo itabaki sehemu ndogo tu kwa ajili ya michezo ya zamani. Alichosema Fundi kuhusu draiva kinathibitika hapa pia, kwani Rosetta 2 hutafsiri programu lakini haitafsiri viongezi vinavyoingia ndani ya kiini cha mfumo.

MacBook Air ya mwaka 2019 ni ya Intel, na toleo lake la mwisho rasmi ni Sonoma, lililotoka mwaka 2023. Tahoe, yaani macOS 26, ndilo toleo la mwisho kwa Mac zozote za Intel, na Air hiyo haimo hata katika orodha yake. RAM imeunganishwa kwenye ubao, haiongezwi, na Linux juu yake inasumbuliwa na chipu ya usalama ya T2 iliyomo ndani. Kama mfadhili yuko tayari kusikiliza, mwombe kwa heshima ageuze msaada uwe kompyuta mpakato za kawaida za kizazi cha 8 au zaidi. Wafadhili wengi hawajui haya, na wakielezwa hufurahi.

Mwalimu_Maabara alijibu:

Nawashukuru mno. Nimefungua faili la DBF kwa LibreOffice kama Fundi alivyoelekeza, na kumbukumbu zote za malipo zinasomeka, isipokuwa tarehe za miaka ya mwanzo ambazo zimeandikwa kwa tarakimu mbili za mwaka. Mhasibu alikaa kando yangu akazilinganisha na vitabu vya stakabadhi, naye ameridhika. Mint nimeiwasha kutoka kwenye flashi kwenye HP moja na T460 moja. Projekta imekubali kote kuwili. Nimemwandikia mfadhili pia. Ameuliza kama ThinkPad T480 zitatufaa.

Fundi_Mvita alijibu:

Zitafaa, Mwalimu, lakini usikubali jina la T480 peke yake. Mfano huo uliuzwa pia ukiwa na vichakataji vya kizazi cha 7, kama i5-7300U, ambavyo Windows 11 inavikataa. Mwambie asome namba baada ya i5: ikianza na 8, kama i5-8250U au i5-8350U, achukue. Kuhusu zile tarehe za tarakimu mbili, usizirekebishe kwenye faili la awali. Fanya nakala, na urekebishe nakala. Kompyuta ya zamani ya mhasibu itoe kwenye intaneti leo, lakini iache mezani ikichapa hadi muhula huu ufungwe.