Kinundu nyuma ya kisigino: ni mfupa au ni maji?

MamaViazi: Wakuu, habari za leo. Nalima viazi Isyonje, na msimu huu wa mvua nashinda na mabuti ya mpira kutwa. Sasa wiki ya tatu kisigino cha kulia kimeota kinundu kwa nyuma, palepale ukingo wa buti unaposugua. Nikikibonyeza kinabonyea kama ndizi mbivu. Asubuhi nikitoka kitandani natembea nimeshika ukuta. Jirani kasema ni mfupa umeota, nikapasuliwe. Shemeji anataka kunikanda kwa maji ya moto. Naombeni mnieleze humo ndani kuna nini kabla sijamwachia mtu mguu wangu.

Tiba_Viungo_Mbeya: Pole sana mama. Natibu viungo hapa mjini, na visigino vya namna hiyo naviona sana kipindi cha mabuti. Mfupa haubonyei. Kinachobonyea hapo ni kifuko cha ute, kitaalamu bursa, na nyuma ya kisigino vinaweza kuwa viwili. Kimoja kiko ndani, kati ya mfupa wa kisigino na ile kano nene inayoshuka kutoka shavu la mguu. Hicho umezaliwa nacho, kinaizuia kano isisagane na mfupa unapokunja unyayo. Kingine kiko juujuu, kati ya kano na ngozi, na mara nyingi mwili hukitengeneza wenyewe panaposuguliwa mno. Kikiwa kizima ute wake ni kidogo tu, wa kuteleza. Kikichokozwa kila siku, utando wa ndani unavimba na kutoa ute mwingi.

Jipime hivi: bana kwa vidole viwili pande zote za kano, mbele yake kidogo. Ukiumia hapo, ni cha ndani. Ukiumia kwa kugusa tu ngozi ya nyuma, ni cha juu. Usikandwe. Weka kitu cha baridi dakika 15, vaa viatu vilivyo wazi nyuma.

Babu_Tukuyu: Na usikitoboe, mwanangu! Mimi nilikitumbua kwa wembe, kikaingia usaha, mguu ukawa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Nililazwa.

Tiba_Viungo_Mbeya: Kweli kabisa babu. Mama, ukiona wekundu, joto na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

MamaViazi: Ndaga fijo, asanteni sana. Nimebana, mbele ya kano hapaumi. Ni ngozi ya nyuma, hata shuka likigusa nashtuka. Shemeji nimemwambia maji yake ya moto tunywee chai. Mabuti nimeyaweka kando, leo nimepalilia na ndala, matope mpaka magotini.