Mjadala: Je, kijiji cha pwani kina haki ya kuweka kikomo cha nyumba za likizo?

Hoja ninayoileta ni hii: je, ni haki serikali ya mtaa imtoze mwenye nyumba ya pili kando ya bahari kodi kubwa kuliko ya jirani yake anayeishi pale siku zote, na imtake aombe kibali kabla hajaigeuza nyumba ya kuishi watu kuwa nyumba ya kupangisha wageni kwa wiki? Naileta kwa sababu mwishoni mwa Oktoba, shule zilipofungwa kwa wiki moja, familia yangu na ya shemeji yangu tulitoka Manchester tukakodi nyumba ya kujipikia katika kijiji cha Abersoch, huko Wales, na tangu turudi suala hili halijatutoka mdomoni. Shemeji, ambaye ni mkubwa kwangu na ambaye nauheshimu upeo wake katika mambo ya biashara, anasema kodi hiyo ni adhabu kwa mtu aliyenunua mali kwa jasho lake. Mimi nasema kijiji kina haki ya kuweka kikomo, na nitaeleza kwa nini, pamoja na pale ambapo naona yeye ana hoja.

Abersoch iko upande wa kusini wa Rasi ya Llŷn, katika kaunti ya Gwynedd. Mbele ya kijiji kuna ghuba iliyokingika na upepo wa magharibi, pamoja na visiwa viwili vya St Tudwal, na ndiyo sababu mashua za tanga zimejazana pale. Ukienda kidogo magharibi, kwenye pwani hiyo hiyo ya kusini, unakuta Porth Neigwl, ghuba ambayo Waingereza huiita Mdomo wa Jehanamu, kwa kuwa jahazi lililosukumwa humo na upepo wa kusini-magharibi lilikosa nafasi ya kugeuza tanga na kutoka, likaishia ufukweni. Mimi nimezaliwa Lamu, nimekulia katikati ya majahazi, na nakiri kwamba moyo wangu ulitulia pale kwa namna ambayo haujatulia kwa miaka mingi: maji yakipwa mashua zinalala ubavu kwenye mchanga, na usiku unasikia kamba zikigongagonga milingoti.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, yenye kuta nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani na miguu yake juu. Tulikuwa watu saba. Tulikwenda na nazi ya makopo na mchele, tukanunua vibua, na jioni ya pili nyumba nzima ikanukia wali wa nazi. Kwa gharama ya wiki ile tusingeweza kupanga vyumba vya hoteli hata siku tatu, na hilo ni jambo ambalo shemeji hachoki kunikumbusha, kwa haki kabisa. Hata hivyo, kando ya mlango wetu kulikuwa na kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za siri, ambamo ufunguo huwekwa ili mgeni ajifungulie mwenyewe. Asubuhi ya tatu, nikienda dukani, nilianza kuvihesabu visanduku hivyo katika kichochoro chetu. Milango ilikuwa kumi na minne. Visanduku vilikuwa tisa.

Mama aliyesimamia usafi wa nyumba ile alipita Ijumaa kutueleza utaratibu wa kuondoka, kwamba Jumamosi tutoke kabla ya saa nne asubuhi kwa kuwa wageni wengine huingia saa kumi jioni, na katikati ya saa hizo yeye na wenzake wana nyumba nne za kusafisha. Yeye anaishi Pwllheli, mji ulio mbali kidogo, ingawa mama yake mzazi alizaliwa Abersoch. Alisimama mlangoni akanionyesha kwa kidole: ile ilikuwa ya fundi wa boti, ile ya mvuvi wa kamba, ile ya mwalimu. Hakulalamika. Aliongea kama mtu anayetaja majina ya waliotangulia.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu wengi wanaobishana hawajui inasema nini. Tangu Aprili 2023 serikali ya Wales imeziruhusu kaunti kuongeza kodi ya nyumba ya pili hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida. Gwynedd ilichagua asilimia 150, na imeelekeza fedha za ongezeko hilo kwenye mpango wake wa makazi. Nyumba ya kupangisha wageni inaweza kuepuka kodi hiyo na kuingia kwenye kodi ya biashara, lakini lazima iwe wazi kwa wageni siku 252 kwa mwaka na ipangishwe kweli siku 182. Zamani zilitosha siku 70, kiwango ambacho kilimruhusu mtu mwenye nyumba yake ya starehe kuipangisha wiki kumi za kiangazi, akajiita mfanyabiashara, na mara nyingi asilipe chochote kwa kuwa biashara ndogo zina msamaha. Kisha, Septemba 2024, Gwynedd ikawa ya kwanza Wales kutaka kibali cha mipango miji kabla nyumba ya kuishi haijageuzwa kuwa ya pili au ya likizo, na wapinzani wakaipeleka amri hiyo mahakamani.

Kwa nini walifika huko? Katika Abersoch karibu nusu ya nyumba ni za watu wasioishi pale. Mwezi Desemba 2021 shule ya msingi ya kijiji, iliyokuwa ikifundisha kwa Kiwelisi, ilifungwa ikiwa na watoto wapatao kumi. Baraza la kaunti lilisema gharama kwa kila mtoto ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wastani wa kaunti, na siwezi kubishana na hesabu hiyo, ila nauliza watoto walikwenda wapi. Shule haikukosa watoto kwa sababu wanawake wa Abersoch waliacha kuzaa. Vijana wenye umri wa kuoa na kuolewa hawana uwezo wa kushindana bei na mnunuzi anayetoka Cheshire akitafuta mahali pa kufunga mashua yake, kwa hiyo wanahama, na watoto wao wanazaliwa kwingine. Kwa lugha kama Kiwelisi, ambayo sensa ya 2021 ilipata wasemaji wapatao 538,000 tu katika Wales nzima, na ambayo Gwynedd ndiyo ngome yake kuu, kijiji kimoja kupoteza watoto si jambo la kijiji hicho peke yake. Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea lugha inayopanuka kila mwaka, na pengine ndiyo maana si rahisi kwetu kuhisi uzito wa lugha ambayo wasemaji wake wanaweza kuhesabiwa nyumba kwa nyumba.

Lakini hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ya boti ya uokoaji, na naomba wasomaji waitafakari. Katika pwani ya Uingereza kazi ya kuokoa watu baharini hufanywa kwa sehemu kubwa na RNLI, chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1824, na wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mwenye duka. Abersoch ina kituo chake. Kengele ikilia, mtu anaacha chakula mezani na kukimbia kituoni, kwa hiyo ni lazima alale karibu. Jumatano ya wiki yetu upepo uligeuka mchana, bahari ikachafuka, na tulimwona kijana mmoja akipita mbio kichochoroni huku akivaa koti, viatu havijafungwa. Nilimtazama hadi alipopotea kwenye kona, nikarudi kutazama visanduku vile tisa. Hakuna hata mmoja katika nyumba zile tisa, tukiwamo sisi, ambaye angeweza kukimbia pamoja naye. Kijiji cha mabaharia kinawavutia wageni kwa sababu kuna bahari, na bahari hiyo inavumilika kwa wageni kwa sababu kuna watu wanaolala pale usiku wa dhoruba, Januari na Februari pia. Nyumba zikiisha mikononi mwa wasiolala pale, ni nani atakayetoka na boti kumfuata mgeni aliyepinduka?

Shemeji ana majibu, na mengine ni mazuri. La kwanza lilinichoma. Alisema: "Sisi ni wahamiaji katika nchi hii. Tumeambiwa mara ngapi kwamba nyumba ni za wenyeji kwanza? Leo wewe unasimama upande wa wanaosema hivyo?" Nililala na neno hilo. Na ni kweli kwamba suala hili lina historia ya kutisha: kuanzia Desemba 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kikundi cha siri kilichoma nyumba za likizo zipatazo 220 katika Wales, na nyumba za kwanza ni pamoja na zilizokuwa kwenye rasi hii hii ya Llŷn. Hakuna anayeweza kutetea moto. Hata hivyo, nikiisoma sheria ya sasa, siioni ikimuuliza mtu alizaliwa wapi wala anasema lugha gani. Inamuuliza kama anaishi ndani ya nyumba hiyo. Msomali au Mkongo atakayehamia Abersoch, akaifanya ndiyo makazi yake na kuwapeleka watoto wake shule ya jirani, halipi ongezeko hata senti moja, ilhali Mwelisi wa Cardiff mwenye nyumba ya pili pale analipa kama Mwingereza. Huo si ubaguzi wa asili ya mtu, na mimi kama mhamiaji naona unanipa nafasi ambayo soko peke yake lisingenipa kamwe.

Jibu lake la pili ni St Ives, mji wa pwani huko Cornwall, na hapa ana ushahidi. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura, na asilimia 83 wakakubali kwamba nyumba yoyote mpya iuzwe kwa mtu atakayeishi humo tu. Watafiti wa chuo cha LSE cha London walipochunguza baadaye waliona kwamba wajenzi walipunguza kujenga, na wanunuzi wa nyumba za likizo, walipozuiwa kwenye nyumba mpya, wakahamia kwenye zile za zamani, ambazo ndizo wenyeji walikuwa wakizitegemea. Shemeji anasema hiyo ndiyo hatima ya kila kikomo. Mimi nasoma funzo lingine: St Ives ilifunga mlango mmoja na kuacha dirisha wazi. Gwynedd ilipotaka kibali kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, na kuweka kodi juu ya zile zinazolala tupu, ilikuwa inalenga dirisha hilo. Pamoja na hayo nakubali kwamba kikomo bila kujenga nyumba za bei nafuu ni nusu ya kazi, na baraza linalokusanya kodi bila kujenga halitastahili kutetewa na mtu yeyote.

Jibu la tatu ndilo ambalo nimeshindwa kulipinga. Siku 182 ni nyingi mno kwa mahali ambapo mvua ya Novemba inapiga madirisha kwa ubavu. Tulipokuwa pale, mwishoni mwa Oktoba, mwenye duka alituambia sisi ni wa mwisho wa msimu. Mtu mwenye nyumba kumi zinazosimamiwa na wakala atashusha bei hadi afikishe siku zake, lakini mjane wa mkulima aliyekarabati zizi la zamani ili apate kipato cha uzeeni atakwama kwenye siku 130 au 140, na akikwama anaingizwa kwenye kundi moja na tajiri ambaye nyumba yake hufunguliwa wiki sita kwa mwaka. Sheria imejaribu kumsaidia: zizi ambalo kibali chake cha ujenzi kinakataza kuishiwa mwaka mzima limeondolewa kwenye ongezeko. Lakini si kila mjane ana kibali cha aina hiyo. Hapa naona sheria imempiga mtu ambaye kijiji kinamhitaji, kwa maana huyu mjane anaishi pale, ananunua mkate pale, na nyumba yake ya wageni haijamnyima kijana yeyote mahali pa kulala.

Kwa hiyo pendekezo langu, ambalo shemeji bado analipinga, ni kwamba kipimo kiwe mwenye nyumba badala ya idadi ya siku. Anayeishi kijijini, au katika vijiji vinavyopakana nacho, aruhusiwe nyumba moja ya wageni kwa masharti mepesi, siku 70 zikitosha. Asiyeishi pale alipe ongezeko, afikishe siku au asifikishe, na nyumba mpya za likizo zisiidhinishwe pale ambapo tayari zimezidi sehemu fulani ya nyumba zote. Shemeji anauliza sehemu hiyo iwe ngapi, na nani aipime. Mimi nilisema moja ya tano. Yeye alisema hiyo ni namba niliyoiokota hewani, na kweli sikuwa na msingi wa kuitetea zaidi ya kichochoro kile chenye milango kumi na minne.

Ningependa kusikia kutoka kwa wale wanaokaa Shela, kule Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na watu wa nje na hupangishwa nzima nzima pamoja na mpishi, na kutoka kwa walio Mji Mkongwe: kwenu, ilikuwa nyumba ya ngapi ndipo mkaona mtaa umebadilika? Na wale mliowahi kupangisha nyumba yenu kwa wageni, semeni bila woga mngepoteza nini kama mngewekewa kikomo cha nyumba moja.