Tumeuziwa babu aliyezikwa akiwa na miaka mitatu

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira ambayo nimeizuia kwa wiki mbili ili niweze kulieleza jambo hili kwa utaratibu. Mume wangu ni mzaliwa wa Massachusetts, na ukoo wao uko huko tangu miaka ya 1630, wakati Waingereza wapatao 20,000, wengi wao Wapuriti (Waprotestanti waliotaka kulisafisha Kanisa la Uingereza), walipovuka bahari kwenda New England. Baba mkwe, ambaye sasa ana miaka 84, alitaka jambo moja tu: kukijua kijiji alikotoka babu yao wa kwanza kufika Marekani. Tulichanga fedha, tukamwajiri mtafiti wa nasaba, na baada ya miezi minane tukakabidhiwa kitabu chenye jalada gumu, nembo ya ukoo iliyochorwa kwa rangi, na jina la parokia moja ya Suffolk, mkoa wa mashariki mwa Uingereza. Tulimsafirisha mzee hadi huko. Alisimama kanisani mbele ya birika la ubatizo, akaliwekea mkono, akalia.

Mtoto aliyebatizwa katika birika lile si babu yake.

Mwezi uliopita niliamua kuzisoma mwenyewe picha za rejista ya parokia hiyo, ingawa mwandiko wa karne ya 17 unatesa macho. Tangu Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipotoa amri mwaka 1538, kila parokia ya Uingereza ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na katika parokia hii vyote vimo katika kitabu kimoja. Kurasa chache tu baada ya ubatizo ule, nilikuta mtoto huyohuyo, mwana wa baba yuleyule, amezikwa Agosti 1623. Babu wa mume wangu alinunua shamba Massachusetts mwaka 1641. Najua kwamba wazazi wa wakati ule waliweza kumpa mtoto mwingine jina la marehemu, kwa hiyo niliendelea kutafuta hadi mwisho wa kitabu, na hayupo. Mtafiti tuliyemlipa aliona jina linafanana, akaridhika, akafunga kitabu bila kuangalia upande wa maziko.

Kosa la pili ndilo lililonithibitishia kwamba hajui hata misingi ya kazi yake. Mtoto huyo aliandikwa kuwa amebatizwa Februari 1619, na dada yake mwishoni mwa Machi 1619. Kwa kuwa mwezi mmoja hauwezi kutenganisha mimba mbili, mtafiti alimzulia baba yao mke wa pili, akamweka kwenye mti wa ukoo kama mtu aliyewahi kuishi. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1619 ya karani yule ni Februari 1620 kwa hesabu yetu, na dada ndiye aliyetangulia, kwa karibu miezi kumi na moja. Mke huyo wa pili hakuwahi kuwapo.

Nembo nayo ni ulaghai uleule, kwani nembo za Uingereza hupewa mtu na uzao wake, si kila mwenye jina lile.

Hatukudai muujiza. Asili ya wengi wa wahamiaji wale haijulikani mpaka leo, na wosia karibu wote wa mkoa wa Devon, uliokuwa umehifadhiwa katika mji wa Exeter, uliteketea mji huo ulipopigwa mabomu mwaka 1942. Tungeambiwa kwamba hakuna ushahidi, tungekubali. Lakini kuna njia ya kutafuta, nayo ni kusoma wosia za ndugu waliobaki Uingereza, maana ndugu hao mara nyingi waliwataja jamaa zao waliovuka bahari. Katika miaka ya 1880, mtafiti wa nasaba Mmarekani Henry FitzGilbert Waters alizipekua wosia za London hadi akaonyesha kwamba John Harvard, ambaye chuo kikuu kinaitwa kwa jina lake, alikuwa mwana wa mwuza nyama wa Southwark, ng'ambo ya mto Thames mjini London. Katika kitabu chetu hakuna wosia hata mmoja.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba uongo huu umeshasambaa. Nimehesabu miti ya ukoo 41 mtandaoni iliyomnakili mtoto huyu pamoja na yule mama wa kuzuliwa, na mwenye mti mmoja alinijibu kwamba kwa kuwa watu wengi wameandika hivyo, lazima iwe kweli. Gustave Anjou, aliyefariki mwaka 1942, aliwatungia matajiri wa Marekani nasaba za uongo kwa malipo, na hadi leo watu bado wananakili kazi zake.

Mtafiti amenijibu kwa mstari mmoja kwamba mkataba hauna kipengele cha kurejesha fedha. Nataka fedha zetu, na nataka arekebishe kwa maandishi kila mahali alipoweka mti huo. Aliyewahi kumbana mtafiti wa namna hii nchini Marekani anieleze alianzia ofisi gani, kwa sababu baba mkwe anaagiza nakala za kitabu kile awagawie wajukuu wakati wa Krismasi, na mimi bado sijapata kinywa cha kumwambia.