Mjukuu wangu ana utando mweupe mdomoni na anakataa dawa

Swali (bibi mlezi):
Mjukuu wangu wa miaka 4 anaishi na VVU na ametumia ARV tangu akiwa mchanga. Wiki hii ulimi wake umefunikwa na utando mweupe, meno ya mbele yamekuwa ya kahawia karibu na fizi, na kila nikimsogezea dawa anafumba mdomo na kulia. Je, meno ya utotoni, ambayo yatang'oka tu, yana haja ya kuhangaikiwa, au nishughulikie dawa kwanza?

Jibu la 1 (muuguzi):
Shikamoo, bibi. Mambo hayo mawili hayatenganiki, kwa kuwa mtoto anayeumwa kinywa hushindwa kumeza, na akishindwa kumeza dozi zinamkosa. Utando huo huenda ni fangasi. Usiukwangue, mpeleke kliniki mapema, hata kama siku yake ya kuhudhuria haijafika. Fangasi wakimpata mtoto wa umri huo ambaye yuko kwenye ARV kwa muda mrefu, huenda virusi havijafubazwa vya kutosha, kwa hiyo uliza kuhusu kipimo cha wingi wa virusi. Akipewa dawa ya matone, aisambaze mdomoni baada ya kula, na asile wala kunywa papo hapo.

Jibu la 2 (mama mlezi):
Shikamoo, mama. Kwa mwanangu, rangi hiyo ya kahawia ilikuwa mwanzo wa kuoza. Dawa nyingi za maji zina sukari, na nilikuwa nikimpa ya usiku akiwa tayari kitandani, bila maji, jambo ninalolijutia hadi leo. Sasa anakunywa dawa kwanza, kisha nampigisha mswaki mwenyewe, kwa dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere. Anatema povu bila kusukutua.

Bibi mlezi:
Marahaba, wanangu. Fizi zake hutoka damu kidogo. Je, nikimsafisha kwa mikono mitupu nitaambukizwa?

Jibu la 3 (muuguzi):
Mate hayaambukizi VVU, bibi, kwa hiyo usiogope kumshika wala kumbusu. Kwa sababu ya damu hiyo, vaa glovu ikiwa una kidonda mkononi, na mswaki wake uwe wake peke yake. Usiache kumsafisha; tumia mswaki laini sana, na umwombe daktari wa meno amwangalie mapema, ukimweleza dawa zote anazotumia.