Naomba ushauri: kutumia mhusika wa mwandishi mwingine kwenye riwaya yangu ni kosa?

Wino Mbichi (mleta mada)
Wakuu, salamu kwenu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo yenu, matusi tuweke pembeni.

Nimeandika riwaya na imekamilika. Waliosoma wote wameipenda. Ila mhusika mkuu sikumtoa kichwani kwangu. Yumo kwenye riwaya ya mtu mwingine, mhusika wa pembeni tu, anatokea kurasa chache halafu mwandishi anamwacha njiani. Nikaona pale pana hadithi nzima haijasimuliwa. Matukio ni yangu, lugha ni yangu, sijanakili hata sentensi moja.

Je, kisheria hili ni kosa, au ni uhuru wa mtunzi? Nawasilisha.

Kiti cha Nyuma
Nimewahi siti ya mbele leo. Ngoja waje wanasheria.

Kifungu kwa Kifungu
Mkuu, swali lako halijibiki bila kujua mwandishi huyo yu hai au amefariki, na kama ni marehemu, tangu lini. Mkataba wa Berne wa 1886 kuhusu hakimiliki unazitaka nchi wanachama zilinde kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ziko nyingi zinazolinda miaka 70. Mtunzi wala halazimiki kusajili popote. Muda ukiisha, mhusika ni wa umma, mtumie utakavyo.

Na huwa hawi wa umma kwa mkupuo. Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, ni mfano mzuri. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa Marekani ilisema yale yaliyomo kwenye hadithi zake za kabla ya 1923 yako huru, lakini sifa alizoongezewa kwenye hadithi za baadaye ambazo wakati huo bado zilikuwa na hakimiliki zilikuwa zinaendelea kulindwa. Kwa hiyo hata tabia moja unayompa mhusika inabidi ujue imetoka kitabu kipi.

Tupe taarifa kamili.

Bi Daftari
Mwanangu, mimi naona sheria ije baadaye. Mtu kakesha akimpa mhusika wake sauti, mwendo na uchungu wake, wewe unaingia unamchukua kama mtoto aliyeachwa mlangoni. Hakuachwa huyo, ana mwenyewe! Kaa chini ubuni wa kwako. Ukishindwa kubuni mtu mmoja, riwaya ya nini?

Mpenda Katuni
Halafu Mickey Mouse naye si yuko huru siku hizi? Nilisikia mtu yeyote anaweza kumchora.

Kifungu kwa Kifungu
@Mpenda Katuni alianza yule wa filamu ya 1928, tangu Januari 1, 2024, na hiyo ni kwa sheria ya Marekani. Alivyobadilishwa miaka ya baadaye zaidi bado analindwa, na kuna alama ya biashara juu yake. Tusimtoe mleta mada kwenye reli.

Wino Mbichi
Ahsanteni. Bi Daftari nimekuelewa, lakini watunzi wamekuwa wakiazimana wahusika tangu zamani, si mimi niliyeanza.

Mwandishi yu hai. Ila kile kitabu ni cha zamani na mhusika huyo hajamgusa tena. Halafu nimebadilisha jina. Wa kwake ni mkunga mstaafu anayechechemea mguu wa kushoto, akifika kwenye nyumba anabisha mara tatu kisha anarudi hatua moja nyuma. Wa kwangu anachechemea mguu wa kulia.

Kiti cha Nyuma
Na kubisha?

Wino Mbichi
Kubisha anabisha vilevile. Nikikitoa hicho sura ya mwisho inaanguka, kwa sababu ndipo binti yake anapomtambua gizani.

Kifungu kwa Kifungu
Basi hujabadilisha kitu. Mkunga mstaafu kama wazo ni wa kila mtu, hata wewe unaweza kuandika wakunga kumi. Anayelindwa ni mtu aliyechorwa akakamilika: ule mwendo, ule ubishaji, historia yake, namna anavyosema. Kadiri alivyochorwa kwa undani ndivyo ulinzi unavyokuwa mkubwa. Jina ndilo jambo dogo kuliko yote hapo. Na msomaji akimtambua kwa namna anavyobisha, jaji naye atamtambua.

Maswali mawili: ulimwomba ruhusa? Kuna mahali umesaini?

Sauti ya Kati
Hapa umenikumbusha mbali. Nikiwa shuleni niliendeleza tamthilia moja ya redio kwenye daftari, nikamfufua mhusika waliyemuua. Darasa zima lilikuwa linapokezana lile daftari, kila Jumatatu wananidai sehemu mpya, mpaka wengine wakanipangia nani aolewe na nani. Ndiko nilikojifunza kuandika mazungumzo. Kwa hiyo mkuu usimsikilize mtu, watunzi wengi tumeanzia kwa wahusika wa watu.

Bi Daftari
Daftari la darasani halina nambari ya kitabu wala bei nyuma ya jalada. Usimpoteze mwenzio.

Wino Mbichi
Sikutaka kulifikisha huku, ila sawa.

Ruhusa niliomba. Nilimwandikia barua pepe ya heshima, akajibu kwamba hapendi wahusika wake waendelezwe na watu wengine. Hakusema atanishtaki. Mimi nilichukulia ni maoni yake kama mtunzi.

Na ndiyo, mkataba na mchapishaji nimesaini, malipo ya awali nimepokea na yameshatumika. Ndiyo maana siwezi tu kuambiwa "andika kingine". Kitabu kinaingia mitamboni karibuni.

Kifungu kwa Kifungu
Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza ya uzi huu. Umekataliwa kwa maandishi, kisha ukasaini. Ikifika mahakamani huwezi tena kusema hukujua, na ile barua pepe ndiyo itakuwa kielelezo cha kwanza.

Soma mkataba wako. Karibu kila mkataba wa uchapishaji una kifungu ambamo mwandishi anathibitisha kwamba kazi ni yake na haivunji haki ya mtu, na kwamba ikitokea kesi, gharama ni juu yake.

Jicho Pevu la Usiku
Wakuu, mnajichosha bure. Hii ni chai.

Nimepekua nyuzi zake. Kuna ule aliouliza "Nawezaje kumshtaki mtu aliyeiba mhusika wangu?" Na mhusika aliyeibwa ni nani? Mkunga anayechechemea, anabisha mara tatu. Kule alikuwa "wangu", huku ni wa mwandishi mwingine. Huyu anatutungia riwaya tunaisoma bure.

Kiti cha Nyuma
Nimeenda kuhakikisha. Ni kweli, upo!

Sauti ya Kati
Mimi hapa nimetoa siri zangu zote za shuleni kumbe nachangia sura ya pili.

Bi Daftari
Awe anatunga au hatungi, niliyosema nimesema. Kuna mtu atasoma hapa na yamemkuta kweli.

Wino Mbichi
Sijatunga. Sura tatu za kwanza nilizirusha mtandaoni bure, mtu akazichukua na kuweka jina lake. Ndiyo maana nilisema wangu. Nilivyomwandika mimi ni wangu! Usiku mzima natafuta namna ya kumfanya apande ngazi na ule mguu, halafu mtu anakuja kunakili. Uchungu wake ninyi hamuujui.

Bi Daftari
Yule uliyemwandikia barua pepe anaujua.

Kifungu kwa Kifungu
Chai au si chai, hapo pana jambo la kisheria. Kuna mtu aliandika mpango wa filamu ya Rocky IV bila idhini, kisha akamshtaki Stallone, mtunzi wa Rocky, kwamba mawazo yake yametumika. Mwaka 1989 mahakama ya Marekani ilisema wahusika wa Rocky wanalindwa, na kwa kuwa aliwatumia bila ruhusa, andiko lake lote halina hakimiliki, pamoja na aliyoyabuni mwenyewe. Mleta mada, kwa mwelekeo huo hata yule aliyenakili sura zako unaweza kukosa la kumfanya.

Ushauri wangu: mwandikie mchapishaji kabla mitambo haijawaka, mwombe asogeze tarehe, umwandike mkunga upya kuanzia mifupa. Itakugharimu, lakini ni nafuu kuliko kukusanya vitabu vilivyokwisha kusambazwa.

Wino Mbichi
Nimekisoma kifungu. Ni cha tisa, na gharama zote ni zangu. Kuna wa kunisaidia kuandika hiyo barua?

Kifungu kwa Kifungu
Njoo inboksi na mkataba.

Jicho Pevu la Usiku
Aje nao hapahapa tuuone.